Waya wa Mita Tisa

2 Machi, Jumatatu

Bosi ameniamuru niandike kila mara laini itakapokatika msimu huu wa mvua: saa ngapi, kwa muda gani, kwa nini. Kanipa daftari la jalada gumu, kurasa mia mbili. Mvua hata ikikata laini kutwa mara mbili haitazimaliza, kwa hiyo zinazobaki nimejitwalia. Nitamnakilia yeye ukurasa wake mwisho wa msimu. Nina mengi ya kusema na humu ofisini hakuna wa kumwambia. Karani wetu wa mapokezi ukimnong'oneza jambo saa tatu, saa nne limeshamfikia mlinzi wa getini.

Sisi tunauza simu za intaneti. Mteja anapewa simu ya mezani, anaichomeka kwenye intaneti yake, anapata namba, anaongea. Tuko ghorofa ya nne, mlango wa kushoto. Mlango wa kulia kuna ofisi nyingine inayouza kitu hicho hicho. Mwenyewe ni mdogo wangu, tumbo moja, kitinda mimba wa mama yetu. Miaka mitatu iliyopita alikuwa anakaa kwenye kiti kile mbele yangu, na kazi yote aliyonayo nilimfundisha mimi, tangu kushika koleo. Akaondoka na robo ya wateja wetu, na kati ya vyumba vyote vya kupanga mjini akachagua kinachotazamana na changu. Tangu siku hiyo simwiti jina. Namwita Jirani.

Mteja wetu akimpigia mteja wake, simu haivuki korido. Inatoka hapa, inakwenda hadi kampuni kubwa ya simu upande wa pili wa mji, na kampuni hiyo ndiyo inayoirudisha mlango wa kulia. Kampuni hiyo tunaiita Mjomba, kwa sababu hakuna neno kati yetu na wengine lisilopitia kwake kwanza. Mimi mpangilio huo unanifaa. Sitaki kitu changu kigusane na cha Jirani.

5 Machi, Alhamisi

Mvua ya kwanza. Laini ya Mjomba imekatika saa mbili na nusu asubuhi, imerudi saa nne kasoro kumi. Mtaro wao umejaa maji.

6 Machi, Ijumaa

Tena. Dakika arobaini. Mtaro ule ule.

9 Machi, Jumatatu

Mjomba amezama tangu asubuhi. Kliniki ya macho, wateja wetu wakubwa kuliko wote, wameshindwa kuwapata wagonjwa wao wote wenye namba za Jirani. Muuguzi anayepanga orodha ya upasuaji kanipigia mara nne, na kila mara sauti imepanda.

"Fundi, mgonjwa wangu namwona kwa dirisha, amesimama duka la pili. Simu yake haiingii. Nimtupie jiwe?"

Nikamwambia kosa ni la Mjomba. Ulimi umezoea.

"Mimi sijui mambo ya mjomba wala shangazi. Mimi nataka simu ilie."

Nikiwa bado nimeshika mkonga wa simu, nilimsikia Jirani akikohoa mle kwake, kisha akimjibu mteja wake: "Vuta subira, tunalishughulikia." Maneno hayo ni yangu, na hata ile pumzi ya kabla ya "tunalishughulikia" ni yangu. Mtu hana haya wala soni.

10 Machi, Jumanne

Bosi amevuka korido. Kakaa kwa Jirani saa nzima, karudi anatabasamu. Wamekubaliana kuvuta waya mmoja kutoka mtambo wetu, ule unaopokea na kuelekeza simu, hadi mtambo wake, kupitia darini, ili simu zetu na zao zipitane zenyewe bila kwenda kwa Mjomba. Mita tisa.

"Mvua inyeshe hata mwaka mzima," kasema Bosi, "sisi na wao tutasikizana."

Nikamwambia sisi na wao hatujawahi kusikizana hata wakati wa jua. Akajifanya hakusikia. Kazi nimepewa mimi, maana hakuna mwingine anayeujua mtambo.

12 Machi, Alhamisi

Saa saba mchana nilimpigia Mama, kama kawaida yangu. Siku hizi yeye hampigii mtu. Presha ya macho imeshamla jicho la kushoto, na la kulia limebakiwa na tundu dogo katikati. Vitufe havioni tena. Simu yake ya mezani ikilia anaifuata kwa sauti, anapapasa, anainua. Namba yake iko kwa Jirani. Alipoondoka hapa aliihamisha namba ya Mama pamoja na mizigo yake, kama mtu anayehama na sufuria.

"Kliniki wamesema daktari wa kupasua anakuja mwezi huu, siku nne tu," Mama aliniambia. "Nafasi ikipatikana watanipigia. Nisitoke karibu na simu."

"Watakupigia tu, Mama."

"Na wasiponipata? Wamesema wanapiga mara tatu, kisha wanamwita mwingine."

"Watakupata. Wanatumia mtambo wangu."

"Nasikia mnaunganisha waya na mdogo wako."

"Bosi ndiye anayeunganisha. Mimi nimetumwa."

"Mwachie mdogo wako, mwanangu. Yule ni mtoto."

"Ana miaka thelathini na minne, Mama."

"Basi ni mtoto wa miaka thelathini na minne."

Nilimuaga kwa adabu, lakini nilikata nikiwa nimevimba. Neno hilo "mwachie" nalisikia tangu nina miaka tisa. Mwachie kiti. Mwachie baiskeli. Mwachie kitanda cha dirishani, yeye anaogopa giza. Nilimwachia mpaka wateja. Sasa kilichobaki nimwachie nini, jina langu?

13 Machi, Ijumaa

Mvua. Mjomba kakatika saa tatu na saa nane. Mama sikumpigia. Na yeye anione naweza kununa.

16 Machi, Jumatatu

Siku ya waya. Nitaiandika vizuri maana imenikaa kooni.

Jirani alikuja na ngazi yake, akapanda, kichwa kikapotea darini. Mimi chini nasukuma waya. Karani kaleta kiti kabisa mpaka mlangoni, kana kwamba kalipa kiingilio. Akauliza: je, simu ikipotea humo ndani ya waya, inakwenda wapi?

Nikamweleza. Kila simu inazaliwa na hesabu ya sabini. Kila inapopita mtambo mmoja inapunguziwa moja. Ikifika sifuri inauawa palepale, isije ikazunguka milele. "Lakini haifiki huko," nikamwambia. "Kwa kawaida inapita mitambo mitatu, minne, imefika."

"Dada, shika hapo, usiachie," Jirani akasema kutoka juu.

"Hapa kazini mimi si dada yako."

"Haya. Fundi Mkuu, shika hapo, usiachie."

Karani akacheka, nikamtazama, akaacha.

Tatizo lilikuja kwenye orodha. Waya wenyewe ni rahisi, kazi iko kwenye orodha. Kila upande lazima uwe na orodha ya namba zake, na orodha ya zile za upande wa pili, ambazo sisi tumezipa jina la "ng'ambo". Namba ikiwa ng'ambo, mtambo hauulizi, unaisukuma kwenye waya. Tukawa tumesimama koridoni tunapitia moja moja, yeye na karatasi zake, mimi na zangu, hatutazamani. Tukafika namba ya Mama.

Nikamwambia simu ya Mama inakwaruza, amelalamika wiki ya tatu sasa, na yeye kazi yake ni kusema nitakuja, nitakuja.

"Mimi huenda kila Jumapili," akasema. "Wewe unapiga dakika tano saa saba, unajiona umemlea."

"Kila Jumapili, na simu bado inakwaruza. Unakwenda kufanya nini, kula?"

Hapo akashusha karatasi. "Unataka kila kitu kiwe chako. Ofisi yako, kazi yako, mpaka kukohoa ninakokohoa ni kwako. Basi mchukue na Mama. Leo namtoa kwangu."

"Liandike."

"Nitaliandika."

Saa kumi jioni ujumbe ukaingia kwenye kompyuta yangu, mstari mmoja: "Namba ya Mama, natoa."

Sasa katika kazi hii kuna adabu moja ambayo kila fundi anaijua. Namba haihami kwa neno la mmoja. Anayetoa anaandika "natoa", anayepewa anaweka namba kwake kisha anajibu "nimepokea", na mpaka neno hilo la pili lifike, wa kwanza haondoi kitu. Ni maneno mawili tu, lakini ndiyo yanayofanya mtu asidondoke katikati. Mimi ndiye niliyemfundisha hilo.

Sikumjibu. Akitaka nimpokee Mama, na aje abishe hodi aseme kwa mdomo wake kwamba amemshindwa. Mpaka hapo namba ibaki ng'ambo kama ilivyokuwa, na yeye aendelee kuishika.

17 Machi, Jumanne

Waya unafanya kazi. Tulijaribu namba tano za kwangu na tano za kwake, zote zikalia. Bosi kampa mkono Jirani. Mimi nilikuwa nakusanya vipande vya waya, mikono haikuwa na nafasi.

18 Machi, Jumatano

Mjomba amezama saa tano nzima. Kliniki hawakupiga kulalamika hata mara moja. Bosi anapiga mluzi.

20 Machi, Ijumaa

Mvua usiku kucha na mchana kutwa. Daraja la kwenda upande wa Mama limefungwa. Siku ya nane sijampigia. Naye ana mwana wa kila Jumapili, au sivyo?

23 Machi, Jumatatu

Daraja bado. Kwa hiyo jana hakuna aliyekwenda kula.

24 Machi, Jumanne

Muuguzi wa kliniki kamwambia Karani kuna namba hazilii, unapiga inakaa kimya kidogo kisha inakatika. Karani akamuuliza zipi, akataja tarakimu mbili tatu za mwanzo, kisha muuguzi akaitwa. Namba zinazoanza hivyo ni za Jirani. Nikaandika kwenye fomu ya hitilafu: "Kosa la ng'ambo." Nikaifunga. Sijaajiriwa kumfagilia mtu nyumba yake.

27 Machi, Ijumaa

Nimeshindwa, nimempigia Mama. Ukimya, kisha imekatika. Nimepiga mara sita. Ukimya ule ule.

Kanifungia. Kazuia namba yangu isimfikie mama yangu mwenyewe. Nilijua ana roho mbaya, sikujua imefika huko. Kesho na keshokutwa nina zamu, siwezi kutoka, lakini Jumatatu Bosi atapata barua, na nakala nitaibandika kwenye mlango wa kulia.

29 Machi, Jumapili

Zamu ilikuwa tulivu. Nimeandika barua kurasa tatu. Nimeisoma mara mbili, imenipendeza.

30 Machi, Jumatatu

Sikuipeleka barua.

Saa tatu asubuhi Karani alinijia akasema kuna mgeni wangu. Nikamkuta amesimama mapokezi, viatu vimejaa tope, hataki kukaa. Ni fundi cherehani, mpangaji wa Mama wa chumba cha nje.

"Dada, mama yako mzima," akasema. "Nimeanza na hilo usije ukaanguka."

"Kuna nini?"

"Amekaa kando ya ile simu wiki mbili. Anakula hapo, usingizi anaupatia hapo hapo kwenye kiti. Haijalia hata mara moja. Nikamwambia, mama, pengine imekufa. Akasema hapana, nikiinua inavuma. Nikataka kupiga kwa simu yangu nikuulize, akakataa. Akasema, waache, wana kazi nyingi."

Karani aliacha kuandika.

"Daraja lilipofunguliwa Ijumaa nilimshika mkono nikampeleka kliniki. Wakafungua kitabu chao. Wanasema walimpigia Jumanne, saa nne, saa sita na saa tisa. Wakaandika 'hapatikani'. Wakamwita mwingine." Akatazama viatu vyake. "Daktari ameondoka jioni ile ile tuliyofika. Anarudi mwezi wa tano. Kuna kijana wa vipimo akamwangalia lile jicho, akamuuliza tangu lini limekuwa hivi."

Sikungoja amalize. Nilivuka korido, nikausukuma mlango wa kulia bila hodi. Miaka mitatu sijakanyaga mle. Ofisi ni nakala ya yangu: mtambo umewekwa kona ile ile, meza imegeuzwa vile vile, na ukutani kabandika mchoro wangu wa zamani wa mtandao, wenye mwandiko wangu, ambao niliutafuta nikadhani umetupwa.

"Umemfungia Mama," nikasema.

Akainuka. "Mimi? Wewe ndiye uliyemfungia. Nimempigia Jumatano, nikapata ukimya. Nikasema, dada ameiona namba yangu, kanizuia. Hata jana nikasusa kwenda."

"Mama yuko kwako."

"Mama yuko kwako. Nilikuandikia, natoa."

"Sikusema nimepokea."

"Hukusema. Hujanijibu ujumbe hata mmoja miaka mitatu. Ningejuaje kwamba huu ndio umeukataa?"

"Ulijua huruhusiwi kutoa kabla sijajibu. Nilikufundisha."

"Na wewe ulijua huruhusiwi kukaa kimya," akasema. "Ulinifundisha hilo pia."

Akafungua kumbukumbu za mtambo wake, nami nikakimbilia kwangu kuleta kompyuta yenye kumbukumbu za wetu. Nilitaka kumuonyesha, mbele ya watu, mahali alipoikata simu. Tukaziweka mezani pamoja. Jumanne, saa nne na dakika kumi na mbili, kliniki wanapiga namba ya Mama. Simu inaingia kwetu. Mtambo wangu unaangalia orodha: ng'ambo. Unaisukuma kwenye waya. Inaingia kwake. Mtambo wake unaangalia orodha, na kwa kuwa alishamtoa, unasema: ng'ambo. Unairudisha. Inaingia kwetu. Ng'ambo. Inaingia kwake. Ng'ambo. Sitini na nane, sitini na saba, sitini na sita. Nilikuwa nasoma kwa sauti nikaacha. Kurasa zikaendelea zenyewe mpaka sifuri. Sekunde mbili hazikufika.

Nilihesabu. Si kwamba nilihitaji kuhesabu, lakini nilihesabu. Thelathini na tano zilikuwa zake, na thelathini na tano zilikuwa zangu. Saa sita tena hivyo hivyo, na saa tisa hivyo hivyo. Mara mia moja na tano mtambo wangu uliulizwa habari za Mama, na kila mara ukajibu si wetu. Na muuguzi alipotuambia siku ile ile, mchana, wakati daktari bado yupo na siku tatu mbele yake, mimi niliandika kosa la ng'ambo nikafunga fomu.

Fundi cherehani alikuwa amesimama mlangoni. Akanyoosha kidole darini.

"Kwa hiyo simu ya kliniki ilikuwa inapita hapo juu?"

"Ndiyo," akasema Jirani.

"Inakwenda na kurudi?"

"Ndiyo."

"Ni mbali?"

"Mita tisa," nikasema mimi.

Akashusha kidole.

Tuligombana baada ya hapo, na sitaandika yote. Aliniambia nina kiburi cha kuzika watu. Nikamwambia yeye hajawahi kubeba kitu mpaka mwisho tangu azaliwe. Yote mawili ni kweli, ndiyo maana yalikata maini. Mwisho akasema, bila kunitazama: "Andika nimepokea."

Nikaiweka namba kwenye orodha yangu, nikaiandika ile "nimepokea", siku kumi na nne baadaye. Yeye akahakikisha kwake. Tukaiunganisha upya na simu ya Mama tukiwa tumeinama kwenye skrini moja, tunapumuliana. Nikapiga kuijaribu. Haikumaliza mlio wa kwanza.

"Halo, kliniki?"

"Hapana, Mama. Ni mimi."

"Ahaa. Wamesema huenda mgonjwa wa mwezi wa tano akajiondoa, watanipigia. Basi kata, mwanangu, wasije wakapiga wakakuta inatumika."

Nikakata.

31 Machi, Jumanne

Bosi ameuliza kosa lilikuwa la nani. Jirani akasema la mtambo. Nikasema mtambo hauna kosa.

1 Aprili, Jumatano

Mjomba amekatika dakika ishirini. Kwenye waya, kimya, kila kitu kinapita.

4 Aprili, Jumamosi

Nimekwenda kwa Mama na simu mpya ya mezani chini ya kwapa, ile yenye vitufe vikubwa kuliko vyote. Nikamkuta Jirani ameshafika. Kaja na yake, mpya, ya aina ile ile. Tukaziweka mezani zikatazamana kama sisi.

Mama alikuwa kwenye kile kiti. Amepungua. Alinigeuzia sikio badala ya uso, na hilo sikulizoea.

"Nani ameingia?"

"Mimi, Mama."

"Na mdogo wako yupo?"

"Nipo," akasema.

"Leo mmekuja wote. Nani kafa?"

Tukaanza kueleza, wote kwa pamoja. Mimi nikasema simu yangu haikwaruzi. Yeye akasema anaweza kumwekea laini mbili kwenye simu moja, kitufe cha juu changu, cha chini chake, abandike kitu cha kupapasa. Nikasema cha juu kwa nini kiwe changu, ili siku kikiharibika wa kulaumiwa niwe mimi. Akasema haya, cha chini. Mama alituacha mpaka pumzi ikatuishia. Kisha akaingiza mkono mfukoni mwa gauni, akatoa kisimu kidogo cha mkononi, cha vitufe, kipya.

"Fundi cherehani kaninunulia. Kaniwekea mlio mkali, mpaka majirani wanaruka. Namba yake nimeshawapa kliniki."

Jirani alikichukua, akakigeuza, akaona laini ni ya nani. Akanitazama. Ilikuwa ya Mjomba.

"Mama," akasema polepole, "hii ukipigiwa inazunguka mji mzima ndipo ikufikie."

"Lakini inafika."

Mama akanyoosha mkono arudishiwe simu yake, akaifuta kwa gauni, akairudisha mfukoni.

"Sina hasira na nyinyi," akasema. "Nimechoka tu kuwa mtu wa kusukumwa. Hizo zenu zirudisheni, mtawauzia wengine."

Tuliondoka pamoja kwa kuwa basi ni moja. Yeye alikaa mbele, mimi nyuma. Mapajani kwake na mapajani kwangu, maboksi mawili yanayofanana.

14 Aprili, Jumanne

Mvua kubwa. Mjomba kazama saa tatu hadi saa kumi. Zamani ningeandika saa nikafunga daftari. Leo nimepiga namba mpya ya Mama, ile ya Mjomba, kila robo saa, na kila mara namsikia Jirani naye akibonyeza mle kwake. Ilipoingia, yeye ndiye aliyempata kwanza. Sijui alikuwa na haraka ya nini.

22 Aprili, Jumatano

Nimeisaka ile fomu ya tarehe ishirini na nne Machi. Nimefuta "kosa la ng'ambo", nimeandika jina langu. Bosi kaiona, kasaini.

6 Mei, Jumatano

Kliniki wamempigia Mama. Alipokea mlio wa pili. Upasuaji ni tarehe kumi na mbili.

12 Mei, Jumanne

Tulikaa kwenye benchi moja, tumeacha katikati nafasi ya mtu mmoja. Daktari alitoka baada ya saa nzima na kidogo. Ni mwanamke mdogo, anaongea taratibu. Akasema upasuaji umekwenda vizuri na presha imeshuka. Kisha akasema kilichokwisha kufa humo ndani hakirudi. Angempata ile Machi, angemwachia tundu la kusomea sura. Sasa ataona mlango uko wapi. Ataona mtu ameingia. Hatajua ni nani mpaka mtu huyo aseme.

Jirani akauliza kama ni hakika. Daktari akasema ni hakika.

Yule muuguzi wa orodha ya upasuaji alipita, akanitambua kwa sauti yangu. "Fundi, kumbe ndiye mama yako?" Nikasema ndiyo. Akaniambia pole kwa upole ambao sikujua anao, na huo ndio ulionimaliza. Nililia pale kwenye benchi. Jirani hakunishika wala hakuondoka.

29 Mei, Ijumaa

Mvua imekwisha. Wiki nzima Mjomba hajakatika hata dakika. Nimemnakilia Bosi ukurasa wake, mistari ishirini na mitatu, kila mmoja na saa yake na sababu yake. Kasema hivi ndivyo alivyotaka.

Ule waya hauna shida. Simu za kliniki zinavuka korido kutwa, mamia, bila kuzunguka. Jirani na mimi tunaandikiana natoa na nimepokea, na jibu haliwezi kuchelewa dakika tano. Zaidi ya hapo hatusemezani. Mchoro wangu bado uko ukutani kwake, sijauomba, hajautoa.

Saa saba kamili nilimpigia Mama kwa njia ndefu, kupitia kwa Mjomba. Inatumika. Nikangoja dakika tano, nikapiga. Inatumika. Nikatoka koridoni. Mlango wa kulia ulikuwa wazi, nikamsikia: "Ni mimi, Mama. Ndiyo, mimi mdogo. Umekula?"

Nikasimama kwenye fremu ya mlango wake na simu mkononi. Aliniona. Akanigeuzia mgongo, akaendelea kuongea na Mama, bila haraka.

Sikuondoka. Nilingoja amalize.